Mshale Ulioelekea Jikoni kwa Mama Kalunde

Matroni aliniita kutoka kwenye foleni ya uji, akanipa simu yake, na kwenye simu alikuwa Kalunde wa Usoke, ambaye hata hakunisalimia. "Nyamizi, mama ametutoka," alisema. "Jana jioni. Ni ile presha yake." Mimi ni mtu ambaye mzaha humtoka mdomoni kabla hajafikiri. Nimeshatolewa darasani, nimeshatolewa kwaya, na nimeshatolewa kwenye msiba wa mjomba wa watu kwa sababu hiyo. Asubuhi ile mzaha ulipanda kama kawaida yake, ukafika kooni, ukakwama. Nikasema pole, nikasema Mungu amlaze, maneno ya watu wazima. Ndipo Kalunde akaongeza, kwa sauti ya chini kama kuna mtu nyuma yake: "Na ile picha bado iko ukutani." Nikaibana simu sikioni kwa mikono miwili, mbele ya matroni na mbele ya ndoo ya uji, na matroni akadhani ni huzuni. Ilikuwa hofu. Ninaijua hofu yangu. Tulifahamiana vizuri mwaka ule nilipokuwa kidato cha tatu.

Najua kuandika kumbukumbu za maisha ukiwa bado unavaa sare ya shule ni kama kustaafu kabla ya kuajiriwa. Lakini mwaka ule wa kidato cha tatu nauona bado unatembea nyuma yangu, na nikisikia gari likipunguza mwendo barabarani nageuka kuangalia kama ni Noah nyeupe. Wenzangu bwenini wanajua. Wananitania kwamba nadaiwa. Nami nawaacha waamini hivyo, kwa sababu deni ni rahisi kulieleza kuliko mshale.

Chumba cha mbele cha nyumba yetu ya Gongoni, Tabora, kilikuwa kimepangishwa, na mwanzoni mwa mwaka ule aliingia dada mmoja mrefu, mkimya, mwenye mabegi mazito kuliko yeye. Aliitwa Leokadia. Kazi yake ilikuwa kuandikisha vitu vya kale ambavyo wananchi wa kawaida wanaviokota: wanapolima, wanapochimba choo, wanapotoa udongo wa matofali. Tabora imekaa juu ya njia ya misafara, hilo kila mtoto wa shule analijua, lakini sisi tulilijua kama tunavyojua jedwali la kuzidisha. Dada Leokadia alilijua kama mtu anayejua nyumba yenye watu ndani. Alitandika kitambaa cheusi mezani, akaweka taa, akabandika tangazo mlangoni, akasubiri. Kwa muda mrefu hakuja mtu. Watu walipita wakisoma tangazo, wanaendelea, wanageuka kulitazama tena wakiwa mbali, kama mbwa aliyerushiwa jiwe.

Walikuwa wanaogopa, na hofu yao nilikuwa naisikia kwa masikio yangu, maana jiko letu lilikuwa la ua mmoja na la Bi Saida, mshona mikeka, na jioni wanawake walikaa pale kupembua mchele. "Akikuandika leo, kesho serikali inakuja na kamba kupima kiwanja," mmoja alisema. "Unaambiwa eneo la historia, unahamishwa na maboga yako." Bi Saida hakuogopa serikali. Aliogopa vitu vyenyewe. "Barabara ile walifia watu," alisema, akipepeta ungo. "Mpagazi akichoka anaachwa. Hazikwi. Sasa wewe unachukua ushanga wake unauweka kabatini, usiku unalala na nani?" Mimi nikauliza kama mpagazi akija kuufuata ushanga wake atatumia bodaboda au atatembea, nikapigwa na mwiko. Lakini nilipokwenda kulala nilivua ule mkufu wa plastiki niliokuwa nimenunua sokoni, nikauweka nje ya dirisha. Ulitengenezwa China. Sikutaka kubahatisha.

Dada Leokadia alinichukua kumsaidia baada ya kugundua kwamba watu wakicheka wanafungua mifuko. Kazi yangu ilikuwa kukaa kizingitini na kupiga soga. Yule aliyekuja wa kwanza alileta simu ya Nokia ya marehemu baba yake, akidai ni ya kale, na tulipocheka yeye akacheka zaidi, kesho yake akarudi na jembe la chuma lenye umbo la moyo alilolifukua shambani, na huyo ndiye aliyefungua njia. Vikaja viko vya udongo vya kuvutia tumbaku, kauri, shanga za rangi ya damu, maganda ya risasi. Utaratibu ulikuwa mmoja. Kitu kinawekwa juu ya kitambaa cheusi, pembeni yake kijiti chenye mistari myeusi na myeupe ili anayetazama picha ajue ukubwa, kinapigwa picha. Halafu, na hapo ndipo Dada Leokadia alipokuwa king'ang'anizi, lazima twende mpaka pale kilipookotwa. Kitu bila mahali, alisema, ni kama neno moja lililookotwa barabarani. Hujui lilitoka kwenye tusi au kwenye sala. Tukifika, tunakilaza pale pale kwenye shimo lake, tunaweka kile kijiti, na pembeni tunaweka mshale mdogo wa ubao mweupe. Anatoa dira, anaugeuza mshale mpaka uelekee kaskazini, ndipo anapiga. Kitu kinabaki kwa aliyekiokota mpaka wakubwa wake waamue, na kila mwenye kitu anapewa picha yake iliyosafishwa, kubwa, ya rangi. Watu waliipenda hiyo picha kuliko mambo mengine yote. Waliitundika ukutani, karibu na kalenda.

Kwa Mama Kalunde tulikwenda likizo ya mwezi wa sita, kwa basi la Urambo, tukashuka Usoke tukiwa wekundu kwa vumbi. Alikuwa mjane, mlima tumbaku, mwembamba, na mkali kwa namna inayokufanya ukae vizuri kwenye kiti. "Mwangaluka," alitusalimia, tukaitikia, kisha nikampa shikamoo kwa usalama zaidi. Nyumba yake ilikuwa ya tofali za kuchoma, lakini jiko lilikuwa kibanda cha tofali mbichi nyuma ya nyumba, na hatua chache kutoka kwenye pembe ya jiko alikuwa ameanza kuchimba choo kipya. Ndipo jembe lake lilipogonga kufuli. Kufuli kubwa la chuma, zito kama kichwa cha mtoto, limefungwa, limekula kutu mpaka limekuwa kama jiwe. Hakukuwa na ufunguo, hakukuwa na sanduku. Dada Leokadia alilipakata muda mrefu. Akalilaza shimoni, akaweka kijiti, akaugeuza mshale wake na dira, na mshale ukatulia ukielekea kwenye pembe ya jiko, kwa sababu kaskazini ilikuwa upande huo. Kwenye picha vilitokea hivyo: kufuli katikati, mshale pembeni yake ukielekea kulia, na ukingoni kabisa mwa kulia pembe ya jiko na moshi kidogo. Kalunde, ambaye tulikuwa rika moja na tulipatana tangu dakika ile kwa kumsengenya mwalimu wake wa hesabu, aliitundika sebuleni mara tu tulipomletea. Hakuna aliyekosea. Nimelirudia jambo hili kichwani mara nyingi nikimtafuta mkosaji, simpati. Ilikuwa picha nzuri.

Sasa, msomaji kama hujakulia huku nikueleze kidogo. Huku kwetu kuna watu wazima, wenye watoto na vyeti vya ubatizo, ambao wanaamini kwamba Mjerumani alipokimbia alifukia mali yake ardhini, rupia na dhahabu, akaweka alama ili aje kuifuata. Msalaba kwenye jiwe ni alama. Mti uliochanjwa ni alama. Na alama kuu kuliko zote ni mshale. Wanauza mashamba kutafuta mali hiyo. Wanatembea na mtaalamu, ambaye ni mganga aliyejifunza kuvaa viatu vya ngozi, na mtaalamu huwaambia kwamba mali ina walinzi, na walinzi hawaondoki bure. Habari za hao walinzi wanataka nini zilisimuliwa jikoni kwetu kwa sauti ambayo hata Bi Saida aliishusha, na mimi niliambiwa nikachote maji. Nilisikia ya kutosha kabla ndoo haijajaa.

Mama Kalunde alikuwa na shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, anaitwa Masanja, anakaa nyumba ya jirani, upande wa pili wa uwanja. Masanja alikuja siku moja kuazima baiskeli, akaona picha ukutani, akasahau baiskeli.

Tulirudi Usoke mwezi wa kumi na mbili, mvua zikiwa zimeanza, kwa sababu Dada Leokadia alikuwa na desturi ya kuwatembelea tena wote walioleta vitu. Mama Kalunde alituchinjia kuku. Nakumbuka sebule ile kama niko ndani yake: makochi yenye vitambaa vya kufuma, redio iliyofunikwa kama mgonjwa, harufu ya tumbaku iliyokauka kwenye dari, na sahani ya michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, tuliyokuwa tunatafuna tukisubiri ugali. Tulikuwa tunacheka. Nilikuwa namwiga mwalimu mkuu wangu anavyokohoa kabla ya kuchapa. Kisha gari likaingia uwanjani polepole, Noah nyeupe, na Masanja akashuka kwanza, akiwa amevaa shati la kanisani, ingawa ilikuwa Jumamosi.

"Shemeji, wageni," alisema bila kumtazama usoni. Nyuma yake waliingia watu watatu. Mnene mwenye shati la njano, waliyemwita Bosi. Mzee mmoja mkavu mwenye viatu vinavyong'aa na begi la shule la mtoto mgongoni, huyo ndiye mtaalamu. Na dereva, kijana, aliyebaki mlangoni na panga mkononi, akiliegemea kama mzee anavyoegemea fimbo. Walitoa heshima zote. Shikamoo mama, marahaba, habari za mavuno. Bosi akaomba radhi kwa kuvamia chakula. Akasema kwa usalama wa kila mtu simu ziwekwe kwenye ungo, akauleta ungo yeye mwenyewe, na sisi tukaziweka humo kama sadaka, pamoja na tableti ya Dada Leokadia. Mama Kalunde alipoleta ugali, mboga ya nsansa ya karanga na yule kuku, Bosi akaketi, akanawa maji niliyomimina mimi, akasema, "Tusali kwanza." Akasali. Sala ndefu, nzuri, yenye mwenye nyumba ndani yake. Nilifumbua jicho moja, nikaona panga mlangoni limeinamishwa kwa heshima. Sijawahi kuogopa adabu kama siku ile. Mtu anayekutukana unajua yuko umbali gani na wewe. Huyu alikuwa ananichagulia paja la kuku.

Walipomaliza kula, Bosi akaitoa picha ukutani, akaipangusa na leso, akamwekea Dada Leokadia magotini. "Mwalimu," alisema, "wewe ndiye uliyeandika huu mshale. Tusome."

"Huo ni wa kaskazini," alijibu Dada Leokadia. Sauti yake ilikuwa imara. "Unaonyesha kaskazini ni wapi. Basi."

"Kaskazini kuna nini?"

"Kuna kaskazini."

"Kuna Kahama," nikasema mimi. "Ukiendelea unafika ziwani." Kalunde akanifinya. Dereva akacheka puani, na kicheko chake kikanitisha kuliko panga, maana kilikuwa kicheko cha kijana wa kawaida kabisa, ungeweza kukutana nacho kantini.

Bosi hakucheka. Alimtazama Dada Leokadia kwa huruma, kama daktari anayemtazama mgonjwa anayekataa kuvua shati. "Sisi si watoto. Mtu anatoka mjini, anapanda basi, anakuja kupiga picha kufuli bovu la mjane, anaweka mshale, mshale unaelekea jikoni. Halafu unaniambia kaskazini."

Wakaenda jikoni, nasi tukaambiwa tukae kwenye baraza la nyuma tunapoonekana, maana mtaalamu alisema mtu yeyote wa nyumba ile akiondoka kabla mali haijatoka, mali inaondoka naye. Waliyatoa mafiga ya Mama Kalunde nje na kuyapanga kwenye tope. Wakatoa chungu, mwiko, gunia la kuni. Kisha wakaanza kuchimba pale pale majivu yalipokuwa, dereva na Masanja wakipokezana. Mtaalamu alitoa kwenye begi la shule chombo kilichokuwa kinalia, nusu redio nusu kikaango. Kililia kwenye kila kitu: kwenye jembe, kwenye mkanda wa Bosi, kwenye mkebe wa sukari. Siku nyingine ningekufa kwa kicheko. Mama Kalunde alikaa wima, mikono mapajani, akitazama watu wakilichimba jiko lake. Mara moja tu alisema, bila kumtazama mtu: "Masanja, niliwapa watoto wako maziwa." Jembe likasimama kidogo, likaendelea.

Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili mfululizo. Ukuta wa jiko ulikuwa wa tofali mbichi, na shimo lilikuwa limeufikia mguuni. Nilianza kuona vipande vidogo vya udongo vikidondoka kutoka ukutani, kimoja, halafu kimya, halafu viwili. Hakuna aliyekuwa anavitazama isipokuwa mimi. Shimo lilimfikia dereva kifuani, na ndani yake hakukuwa na kitu ila udongo mwekundu, na kadiri udongo ulivyozidi, Bosi alizidi kumtazama mtaalamu, na mtaalamu alizidi kutoa jasho. Ndipo akasema lile neno. Alisema mali imegoma kwa sababu kufuli bado limefungwa. Aliyeligusa kwanza ndiye ufunguo. Ashuke shimoni, akae, alipakate, mpaka chini kuitike.

"Mama hashuki humo," alisema Kalunde.

"Ni dakika chache tu, binti," alisema Bosi kwa upole ule ule. "Hatumdhuru."

Dada Leokadia akasimama. Nilikuwa sijawahi kumsikia akipaza sauti, wala siku ile hakupaza. "Kufuli hilo halikufunga sanduku," alisema. "Sikutaka kusema kabla sijawa na hakika, na hata sasa sina. Lakini nimeshaona mengine ya namna hiyo. Yalifunga mnyororo. Mnyororo ulikuwa shingoni kwa watu. Nadhani walilazwa hapa, karibu na barabara, wakaendelea, na kufuli likabaki. Hakuna mali. Kulikuwa na watu."

Masanja alishusha jembe. Mama Kalunde aliweka kiganja shingoni mwake, taratibu, kama mtu anayetafuta mkufu. Nikafikiri, imekwisha, sasa wataona haya. Bosi alifikiri kwa makini, akauliza: "Na hao watu walikuwa wamebeba nini?"

Hapo ndipo niliposadiki kwamba tunaweza kufa. Kabla ya hapo nilikuwa naogopa panga. Kuanzia hapo nilimwogopa yeye, kwa sababu niliona hakuna neno duniani litakaloingia kichwani mwake likabaki lilivyo. Kila neno likifika mle linageuka rupia. Dereva alikuwa ameshamshika Mama Kalunde mkono, kwa adabu, kama anamsaidia kushuka kwenye gari. Ukuta ukadondosha kipande cha ukubwa wa mkate. Na mdomo wangu, ambao umeniponza maisha yangu yote, ukafunguka wenyewe.

"Bosi, mbona mmechukua mshale mmoja tu? Mishale ipo mingi."

Dada Leokadia alinitazama kwa macho ya kunikataza, nami nilijua kwa nini. Picha zile zilikuwa za nyua za watu, na yeye alikuwa amemwahidi kila mmoja kwamba mahali pake hapatajulikana. Lakini nilikuwa nimeshafika kwenye ungo uliokuwa barazani, nimeshaitoa tableti yake, nikachagua zile zenye udongo mtupu na kitu, hakuna nyumba, hakuna uso. Kiko na mshale. Jembe na mshale. Shanga na mshale. Nikampa Bosi. "Linganisha. Kila mmoja umepigwa mahali pake. Tazama kivuli kwenye kila picha ujue jua lilikuwa wapi, utaona mishale yote inaelekea upande mmoja." Nilikuwa na maana ile ile ya Dada Leokadia, kwamba kama kila mshale unaelekea kaskazini, basi mshale hausemi lolote ila kaskazini. Lilikuwa somo la jiografia la kidato cha kwanza. Nilitaka aelewe.

Alielewa. Alizipitisha picha kwa kidole kinene, mbele, nyuma, midomo ikicheza. "Yote kaskazini," alisema. "Kiko kaskazini. Jembe kaskazini." Akainua uso, na uso ule ulikuwa umewaka kama wa mtu aliyeongoka. "Kumbe inaelekezana."

Mtaalamu, ambaye alikuwa anatafuta mlango wa kutokea tangu adhuhuri, aliuona na kuingia bila kubisha hodi. "Nilikuambia," alisema. "Hapa nilisikia sauti ya mali mtoto. Mama yake yuko mbele. Kaskazini."

Wakamwachia Mama Kalunde mkono. Wakafunga begi la shule. Walichukua kufuli, wakaliweka kiti cha mbele kama abiria, wakaacha simu zetu zote kwenye ungo, hawakugusa hata moja, maana wao hawakuwa wezi. Bosi aliniita dirishani mwa gari. "Wewe binti una akili," alisema. "Unasoma shule gani?" Nikamtajia shule ya wavulana. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema nisome kwa bidii, wakaondoka. Masanja alivuka uwanja kwenda kwake bila kunawa miguu.

Tulikuwa bado kwenye baraza la nyuma, hakuna aliyeweza kusimama, ukuta wa jiko ulipolala. Haukuanguka kwa kishindo. Ulijikunja magotini, ukalala shimoni, ukalijaza, na bati likaufuata. Vumbi halikupanda kwa sababu ya unyevu. Mama Kalunde alitazama kwa muda. "Ningekuwa humo," alisema, kama anayesema angekuwa sokoni. Kisha akaanza kukusanya mafiga yake kwenye tope, nasi tukainuka kumsaidia. Hakuyarudisha pale. Aliyapeleka upande wa mbele wa nyumba, barazani kabisa, na tangu siku hiyo hakuwahi kupika tena mahali wale watu wa mnyororo walipolazwa.

Tulitoa taarifa kwa mwenyekiti wa kitongoji, naye akaandika kila neno kwa uzuri, na alipomaliza akanivuta pembeni kuniuliza kaskazini hasa ni usawa wa kijiji gani. Nikacheka mpaka nikalia, halafu nikaona nalia tu. Dada Leokadia alimaliza mkataba wake Gongoni miezi michache baadaye. Bado anapiga picha za mahali, nasikia, ila mshale ameacha. Anaandika upande kwa maneno, nyuma. Bosi na watu wake hawakupatikana. Hilo ndilo linalonifanya nigeuke barabarani. Mtu anayetembea kuelekea kaskazini akitafuta kitu ambacho hakipo, ipo siku atachoka, na akichoka atamkumbuka binti aliyemwelekeza.

Kwa hiyo nilifika msibani Usoke nikiwa na hofu mbili, moja ya Mama Kalunde ndani ya sanduku na moja ya ukuta wa sebule. Tulimzika adhuhuri, nyuma ya nyumba, kwa nyimbo za Kimoravia zilizoimbwa polepole. Baadaye nikaingia sebuleni. Picha ilikuwepo. Mama Kalunde alikuwa ameukata mshale kwa wembe, kwa ustadi, asiguse kufuli wala kijiti. Lakini alikata kwa kuufuata ukingo, na sasa kwenye picha kulikuwa na tundu lenye umbo la mshale, linaonyesha chokaa ya ukuta, jeupe kuliko mshale wenyewe ulivyokuwa. Bado ulielekea kulia. Nikaufuata kwa macho: kalenda, pembe ya kabati, dirisha la nyuma. Na dirishani, udongo mbichi wa kaburi lake.

Masanja alikuwa amesimama hapo hapo. Kofia mkononi, amezeeka ghafla. Alikuwa anaitazama picha, halafu dirisha, halafu picha. Sidhani alikuwa na nia mbaya. Nadhani hakuweza kujizuia, kama ulimi unavyorudi kwenye jino bovu. Alipoitwa nje kupokea wageni wa Urambo, nilibaki peke yangu, na ule mdomo wangu safari hii uliingia mikononi. Niliitoa picha msumarini, nikaipindua kichwa chini, nikaitundika. Kufuli likaning'inia kama popo. Mshale ukaelekea kushoto, ukatoka mlangoni, ukavuka uwanja, ukagonga nyumba ya Masanja katikati ya paa. Nikasema, haya, na waje sasa.

Nikasimama mlangoni kuhakikisha usawa wake. Barazani kwa Masanja alikuwa amekaa mtoto wake wa mwisho, yule aliyekunywa maziwa ya Mama Kalunde, anamega kiazi na kumpa kuku kipande kimoja, yeye kipande kimoja, kwa haki kabisa. Nyuma yake kulikuwa na ukuta wa tofali mbichi.

Niliitoa picha, nikaikunja ndani ya khanga, nikatoka nayo mpaka kwenye mafiga barazani ambapo wanawake walikuwa na sufuria la maharage ya msiba. Nikaisukuma chini ya sufuria. "Nini hicho?" akauliza mmoja. "Karatasi tu, shangazi, moto umepungua." Ilijikunja taratibu. Tundu la mshale lilishika moto kwanza pembezoni, likapanuka, likapoteza ncha, likawa tundu la duara ambalo halikuelekea popote, halafu hata tundu likaisha.

Jioni, tukigawana ugali uwanjani, Masanja alikuja akachuchumaa karibu yangu na Kalunde. Alizunguka sana kabla ya kuuliza. "Ile picha ya shemeji," alisema mwishowe, "imekwenda wapi?"

"Kaskazini, baba mdogo," nikasema.

Aligeuka kutazama upande huo kabla hajawahi kujizuia. Kalunde pia. Na mimi, niliyeichoma kwa mikono yangu, niligeuka nikatazama. Barabara ilikuwa tupu. Tukaendelea kuitazama, sote watatu, mpaka ugali ukapoa.